Biti za kutobolea chuma: ipi ununue kama umechoka kuzivunja

Biti ikivunjika, wengi hurudi dukani kutafuta iliyo ngumu zaidi, na hapo ndipo pesa inapopotea. Kadiri biti inavyokuwa ngumu ndivyo inavyokataa kupinda: ikisukumwa upande, inakatika. Drili ya mkononi huisukuma upande kila mara, kwa sababu mkono hautulii.

Kwa hiyo, kwa fundi wa mageti na madirisha, namba moja kwangu ni HSS (high speed steel, chuma kigumu cha kutengenezea biti) ya kawaida yenye ncha ya nyuzi 135 iliyochongwa katikati. Haitelezi inapoanza kuuma. Ile ya nyuzi 118 nayo ni nzuri, ila ipigie kwanza alama kwa senta panchi. HSS inanoleka kwenye grainda na bei yake inavumilika. Kwa saizi za chini ya milimita 5, chagua fupi kama zipo.

Namba mbili ni ya kobalti, yenye alama ya M35 (kobalti asilimia 5) au M42 (asilimia 8). Nunua kama unatoboa stenlesi, maana inahimili joto. Ifunge kwenye drili ya kusimama ukiweza, uende taratibu na mafuta: milimita 10 kwenye chuma laini huhitaji mizunguko kama 800 kwa dakika, na kwenye stenlesi nusu yake au chini zaidi.

Za rangi ya dhahabu naziweka namba tatu. Rangi ile ni utando mwembamba wa titani naitraidi juu ya HSS, na ukiinoa tu, utando unatoka nchani. Usiongeze pesa nyingi kwa ajili yake.

Ya mwisho ni ya kabaidi tupu, ngumu kuliko zote hizo. Kwenye mashine ya kiwandani inafanya kazi safi. Kwenye drili ya mkononi, usiinunue kabisa. Biti ya zege nayo iache kwenye zege.

Hata iliyo bora itavunjika usipojua inavunjikia wapi. Mara nyingi ni pale inapotokea upande wa pili. Chuma kilichobaki ni chembamba, makali yanakikamata na biti inajivuta ndani kama skrubu, huku wewe bado unakandamiza. Ncha inakwama, drili inaendelea kuzunguka. Legeza mkono ukihisi inakaribia kutoka, na ufunge kazi kwenye jiliwa au klampu. Usiishike kwa mkono.

Skwea paipu ina mtego wake. Biti ikishapita ukuta wa kwanza na kuanza wa pili, ukiinamisha drili kidogo tu, tundu la juu linaibana ubavuni. Biti za milimita 3 na 4 huishia hapo. Kwa bomba nene, toboa kila upande peke yake, na ukienda dukani chukua mbili mbili za saizi hizo.