A Swingin' Safari ya Bert Kaempfert (1962): santuri ya mjomba baharia, na kwa nini nimeinunua tena

Mjomba wangu alikua baharia, meli yao ilikua inatia nanga Hamburg, na kila akirudi Tanga anashuka na sabuni, nguo za watoto na santuri. Hii ndo aliyoipenda kuliko zote. Ile ya kwake ilishachakaa, sindano inaruka, kwa hiyo mwaka huu nimenunua ya kwangu ya mtumba na nimeshinda nayo wiki tatu sasa, kila jioni naicheza pande zote mbili.

Kwa wasiomjua, Bert Kaempfert ni Mjerumani, kazaliwa hapo hapo Hamburg 1923, kafariki 1980. Alikua anapiga piano, kodiani, klarineti na saksafoni, ila kazi yake hasa ilikua kupanga muziki, yaani yeye ndo anaamua tarumbeta iingie lini, fidla zikae wapi, kwaya iitikie au inyamaze. Na wengi mnamjua bila kumjua. Strangers in the Night ya Frank Sinatra, 1966, muziki ni wa huyu. L-O-V-E ya Nat King Cole, Danke Schoen ya Wayne Newton, Spanish Eyes ya Al Martino, zote muziki wake. 1961 ndo aliyewarekodi wale vijana wa Liverpool pale Hamburg wakimpigia muziki mwimbaji Tony Sheridan, Beatles kabla dunia haijawajua! January ya mwaka huo huo Wonderland by Night yake ikawa namba 1 Marekani, na haina mwimbaji wa mbele, ni tarumbeta ya Charly Tabor tu ndo inakuongelesha.

Sasa santuri yenyewe. Kampuni ya Polydor waliitoa 1962, nyimbo 12, sita kila upande. Kitu cha kwanza kitakachokushika ni besi. Ladi Geisler anaichapa besi ya umeme kwa kipiki, kile kidude kidogo cha kukwanyulia nyuzi, badala ya vidole, kila noti fupi kavu, tok tok tok, Wajerumani wenyewe wanaiita knackbass, na chini yake kuna besi kubwa ya mbao inajaza. Ukisikiliza kwenye simu utaikosa kabisa, tafuta spika ya maana. Juu ya hapo Kaempfert haweki vitu vingi, na hapo ndo ninapompendea, jamaa ana orkesta nzima mbele yake lakini anaacha nafasi, ala moja inaongea nyingine zinasubiri, ukipika huku unasikiliza hauchoki, na ukikaa chini ukatega sikio bado unakuta kitu kipya.

Safari ni neno letu lakini muziki hautoki Pwani, ni kwela ya Afrika Kusini, ile ya filimbi za bati walizokua wanapiga vijana wa mitaani Johannesburg miaka ya 50. Kwela kwa Kizulu ni kupanda, ndugu kabisa na kwea yetu. Kaempfert zile filimbi za bati kazigeuza filimbi za orkesta, safi zaidi, zimenyooka zaidi, na kiukweli kuna vumbi fulani la mtaani limepotea humo. Mimi furaha yake nimeikuta bado ipo ila mtu aliyekulia kwenye kwela yenyewe namwelewa akisema sio hii.

Kilichonifanya niandike ni hiki, watu wanasema "muziki wa Mjerumani kuhusu Afrika" kisha basi, wakati nyimbo tamu kuliko zote humu zimetungwa na Waafrika. That Happy Feeling ni ya Guy Warren, mpiga ngoma wa Accra, kazaliwa 1923 mwaka mmoja na Kaempfert, akaenda Marekani kuwapigia ngoma za kwao, yeye wimbo wake aliuita Eyi Wala Dong. Skokiaan ni ya August Musarurwa, mpiga saksafoni wa Bulawayo, aliirekodi miaka ya 40, na skokiaan ni pombe haramu ya kienyeji, kama gongo yetu au chang'aa ya Wakenya, sasa fikiria ukumbi wa Ulaya watu na tai zao wanaicheza. Halafu Wimoweh. Hiyo ni Mbube ya Solomon Linda, mwimbaji wa Afrika Kusini, aliirekodi Johannesburg 1939, haki zake akaziachia kwa shilingi kumi, wimbo ukazunguka dunia nzima na yeye akafariki maskini, 1962, mwaka ule ule santuri hii imetoka. Mabinti zake walikuja kupata makubaliano ya malipo 2006. Siwezi kuisikiliza tena kama zamani, nikifika hapo najikuta nimeacha ninachofanya.

Za Kaempfert mwenyewe, ule wimbo wa jina la santuri na Afrikaan Beat ni moto, hizo mbili tu zinatosha kurudisha hela yako. Take Me inapita tu. Black Beauty nayo sijaielewa.

Kuhusu kununua: aliyeniuzia aliniandikia haina mkwaruzo, nimefungua nakuta mmoja mrefu upande wa pili unapita juu ya Tootie Flutie yote. Kabla hujatuma hela mwambie muuzaji akurekodie video santuri ikicheza. Na ukiona ya kampuni ya Decca ya Marekani imeandikwa That Happy Feeling usiipite, ni hii hii kwa jina jingine.

Mjomba nimempelekea wiki iliyopita, akaomba Skokiaan mara mbili. Kwenye jalada langu nyuma nimeandika kwa kalamu, Warren wa Accra, Musarurwa wa Bulawayo, Linda wa Johannesburg, siku wanangu wakiikuta wasome.