Huduma ya wachungaji wa hospitali kwa mgonjwa aliye mwishoni: nyota 4, na sababu zake

Nianze na nyota kabisa mana najua wengine mnasoma hii mkiwa mmekaa kwenye benchi la korido na simu ina chaji asilimia 9. Nyota 4 kati ya 5. Waiteni. Na waiteni mapema, msisubiri mpaka mgonjwa hajitambui ndo mkaanza kuhangaika na namba, hiyo nitaielezea.

Mzee wetu alikuwa na saratani ya kongosho, ile inayojionyesha ikiwa imeshamaliza kazi. Kanisani hakuwa ameingia miaka 31, yani harusi anasimama nje, ibada ya mazishi anasimama nje, akiulizwa anasema kuna joto ndani. Mama ni kinyume chake, jumapili mvua jua yupo. Sasa daktari aliposema tuhesabu siku na sio wiki, nyumba nzima ikawa na swali moja ambalo hakuna aliyetaka kulisema mbele yake, huyu mtu anakwenda wapi.

Hospitali siitaji, na kile kikundi nitakachokisema hapa chini sikitaji pia, mana walikuja kwa nia nzuri na dada yangu ndo aliwaita. Walifika saba. Wakazunguka kitanda, mmoja anarekodi na simu, mmoja ameshika daftari, kiongozi akaanza, sema baada yangu, Bwana Yesu. Mzee, Bwana Yesu. Mimi ni mwenye dhambi. Sauti haisikiki vizuri sababu ya maski ya oksijeni, basi yule kiongozi akaisogeza pembeni ili kwenye video isikike, nesi alivyoingia akaona ile kitu sijawahi kuona nesi amekasirika kimya kimya namna ile. Lakini sala ikaisha, amina kubwa, jina likaandikwa kwenye daftari, wakakumbatiana, wakaondoka. Mzee akafumbua jicho moja. "Wameenda?" Nikamwambia wameenda. "Nimesema ili waondoke."

Nilicheka, alafu usiku ule sikulala. Mana kama wokovu ni kutamka yale maneno basi ameokoka na ana ushahidi wa video, na kama sio maneno basi hatujafanya kitu na muda unaisha.

Saa nane usiku nikapiga ile namba iliyobandikwa ukutani karibu na meza ya manesi, imeandikwa kabisa huduma ya kichungaji, masaa 24. Ikaita mpaka ikakata. Nikapiga tena. Mara nne. Hapo ndo nyota moja ilipoondoka na sijairudisha mpaka leo.

Asubuhi saa mbili akaja mama mchungaji, peke yake, kapochi begani. Cha kwanza hakwenda kitandani, alienda kwa nesi akauliza amepewa mofini saa ngapi na ni saa ngapi anakuwa hana maumivu lakini bado yuko macho. Akaambiwa kwenye saa nne. Akasema sawa, akaondoka, saa nne kamili akarudi. Jamani. Sisi tulikuwa tunamwamsha mzee wa watu kila mgeni akija, yeye kauliza saa.

Akavuta kiti mpaka macho yake yakawa usawa mmoja na ya mzee, hakusimama juu yake kama tulivyokuwa tunasimama sote. Biblia ilibaki kwenye pochi. Akamuuliza, mzee, nikae au niende? Mzee akasema kaa, ila usiniimbie. Akakaa. Nadhani zilipita dakika kumi hakuna aliyesema kitu, kila baada ya muda anachukua kile kisifongo cha maji anamlowesha midomo. Mi nilikuwa mlangoni naona muda unapotea kweli, natamani nimwambie mama fanya kilichokuleta.

Alafu mzee ndo akaanza mwenyewe. "Hivi mtu akichelewa hivi, inakuwaje?"

Yule mama hakurukia na aya. Akamuuliza, unataka nikujibu au kuna kitu unataka kuniambia? Mzee akafikiri. "Vyote."

Kilichofuata ndo kilinifanya niandike hii. Alimuuliza ulibatizwa wapi, mzee akasema utotoni, kwa Wakatoliki. Yeye mwenyewe sio Mkatoliki, angeweza kabisa kuendelea na la kwake na hakuna ambaye angemlaumu, lakini akamwambia basi kama unataka padri nakuitia, kama hutaki tutaongea mimi na wewe, chagua. Alimuuliza mgonjwa, hakutuuliza sisi. Mzee akasema mwite.

Hapo shangazi akataka kuharibu. Akanivuta korido analia, padri akija na mafuta mgonjwa anajua ndo basi, mtamuua kwa hofu. Na hii naisikia kwa wengi sana. Mama mchungaji akamweleza taratibu kwamba zamani ndo ilikuwa inaitwa mpako wa mwisho, ila Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1963 ulisema ni bora iitwe mpako wa wagonjwa na kwamba sio ya wale wanaokata roho tu, utaratibu wenyewe ukarekebishwa 1972. Na akamwambia kitu ambacho mi nilikuwa sikijui, kwamba mpako ni wa mtu aliye hai, aliyekwisha kufa hapakwi, kwa hiyo ile tabia ya kumsubirisha padri nje mpaka mgonjwa "aive" ni kumnyima. Na kingine, kwa sheria za Kanisa lao mtu akiwa hatarini kufa padri yeyote anaweza kumwondolea dhambi, yeyote, hata yule aliyeshaacha upadri. Shangazi ni Mkatoliki toka kuzaliwa na hakuwa anajua, akanyamaza akatafuta leso.

Padri alikuja mchana. Tukatolewa wote nje, mlango ukafungwa, dakika 25. Sijui walisema nini na sitajua. Alipofungua alimpaka mafuta kipaji cha uso na viganja, akampa Komunyo kipande kidogo kama kucha na kijiko cha maji, ile ya mwisho ambayo ni kama masurufu ya safari. Mzee alimeza kwa shida, ikachukua muda, hakuna aliyemharakisha.

Alafu akaomba tumpigie simu kaka yake. Hii aliitaka mwenyewe, wala sijui kama padri alimwambia. Hawakuongea miaka mingi sababu ya urithi wa babu, kuna karatasi ilikuwa na sahihi ya baba mkubwa na baba mkubwa siku zote alisema hajawahi kuisaini. Nikaweka spika. Mzee akasema, "Kaka. Ile sahihi niliiweka mimi." Kimya. Kimya kirefu mpaka nikaangalia kama simu imekata. Alafu baba mkubwa akasema, "Nimesikia," akakata yeye. Mzee akaniuliza kasemaje, nikamwambia kasema amesikia. "Haya."

Jioni nilimuuliza mama mchungaji sasa hii inahesabika vipi, kaka hajasamehe. Angeweza kunipa la kunifariji. Akasema hizo ni simu mbili tofauti, na wewe usipokee ya mwenzako.

Sasa nije kwa mama. Watu wakiandika juu ya huduma hizi wanaongelea mgonjwa tu, lakini aliyekuwa na hali mbaya siku ile ni mama yangu. Wote tunafurahi, mzee katubu, yeye kakaa kwenye kile kiti cha plastiki kajifunga kanga kifuani anaangalia ukuta. Alafu akaropoka. Kwamba yeye miaka yote amefunga, ameomba, amelea watoto peke yake huyu akiwa anajua mwenyewe alipokuwa, na sasa dakika 25 na mafuta na wako sawa? Akasema kabisa maneno ya wale wafanyakazi wa shamba la mizabibu, Mathayo 20, waliofanya kazi toka alfajiri wakalipwa sawa na waliokuja jioni, wale waliostahimili "taabu na hari za mchana kutwa", akasema mimi ndo hao na mnijibu.

Mi nilitegemea apewe hotuba. Yule mchungaji akamwambia, mama, ule mfano hausemi popote kwamba wale hawakuchomwa na jua. Basi. Akamwacha na hiyo kwanza. Mama akalia, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza mtu kukubali kwamba alichomwa.

Baadae ndo akamsimulia ya Agostino, askofu wa Hippo kule Afrika Kaskazini, miaka zaidi ya 30 kwenye uaskofu, alivyokuwa anakufa mwaka 430 akaagiza zaburi za toba ziandikwe zibandikwe ukutani mbele ya kitanda, akawa anazisoma analia, na siku kama kumi hivi za mwisho akakataza watu kuingia isipokuwa daktari na wanaomletea chakula. Yani mtu aliyefanya kazi toka alfajiri naye anaondoka akiomba msamaha kama aliyekuja jioni. Mama akafuta machozi akasema, "Yule alikuwa na cha kulilia, si alizaa nje." Na ni kweli jamani, alikuwa na mtoto kabla hajaongoka! Tukacheka wote, mchungaji akiwemo.

Mi swali langu lilikuwa lingine na nilimsumbua nalo sana pale korido: kama mlango uko wazi mpaka pumzi ya mwisho si bora kila mtu asubiri. Konstantino mfalme wa Roma alibatizwa mwaka 337 akiwa karibu kabisa kufa, na enzi zile wengi walikuwa wanachelewesha ubatizo hivyo hivyo makusudi. Akaniambia Kanisa limevutana na hilo toka zamani, kuna waliotaka aliyechelewa anyimwe, lakini maaskofu kwenye Mtaguso wa Nisea mwaka 325 walishaamua anayekufa asinyimwe Komunyo, na mwaka 428 Papa Selestino wa Kwanza akawaandikia maaskofu wa Galia, ndo Ufaransa ya leo, akishangaa kusikia kuna watu wanakataliwa toba wakiwa kitandani pa kufia. Kwamba huko ni kumuongezea mtu kifo kingine.

Alafu akanirudisha kwa yule mnyang'anyi msalabani, mmoja wa wale wawili waliosulubiwa pamoja na Yesu, ambaye mi nilidhani namjua. Soma Mathayo 27 na Marko 15 uone, pale mwanzo wanaotukana ni wote wawili. Ni Luka 23 ndo mmoja anabadilika. Marko anasema walimsulubisha Yesu saa tatu, na kufa ni saa tisa, na uzuri kwa saa zetu za Kiswahili unasoma tu ilivyo huna haja ya kupiga hesabu. Kwa hiyo ndani ya yale masaa sita mtu ametoka kutukana akafika "Ee Yesu, nikumbuke utakapoingia katika ufalme wako." Na hakuambiwa rudia baada yangu. Alikiri kwamba wao wanapata wanachostahili, akamtetea asiye na kosa, akaomba akumbukwe tu, akajibiwa leo hivi. Hana ubatizo, hana sadaka, hana hata mkono wa kufanyia jambo jema mana imefungwa. Neema ikiwa kipawa kama Waefeso 2:8 inavyosema basi hapo ndo unaiona ikiwa peke yake. Lakini pembeni kulikuwa na mwenzie mwenye masaa yale yale sita, msalaba ule ule, na hakutaka.

Kuhusu kusubiri makusudi, nilichokiona kwa macho yangu kilinijibu zaidi ya historia. Kutubu kunataka pumzi. Mzee alikuwa na kama saa moja kwa siku ya kuwa na akili timamu, kati ya maumivu na usingizi wa dawa, na siku mbili baadae hata hiyo haikuwepo. Anayepanga kutubu mwishoni anadhani mwishoni atakuwa hivi alivyo leo.

Mapungufu sasa. Simu ya usiku nimeshasema. Ile fomu yao ina sehemu ya dhehebu na visanduku vinne tu, mzee angejaza nini, "nje kwenye joto"? Hawana chumba cha kukaa na familia, mambo yote haya yaliongelewa korido machela zinapita. Na baada ya msiba walipiga mara moja tu, wakati mama ndo kaanza kuhitaji mtu. Mchungaji mmoja kwa wodi zote zile ni wachache, hilo sio kosa lake.

Kizuri zaidi ni kwamba hawakuwahi kutuambia mzee ameokoka. Dada alimbana sana mama mchungaji atamke, akasema mi sijui, mi najua aliomba na najua aliyeombwa. Dada hakuridhika. Ile video anayo bado kwenye simu, mi sijamwambia mzee alisema nini walipotoka.

Mzee alifariki alhamisi alfajiri. Usiku ule saa nane nilipiga tena ile namba ya ukutani, ikaita mpaka ikakata, tukasoma wenyewe Zaburi ya 51, ile ya toba, mimi na mama, yeye anaijua kwa kichwa mi nasoma kwenye simu. Siku wakianza kupokea usiku nakuja kurekebisha hizi nyota.