Digrii ya University of London nikiwa Morogoro, uzoefu wangu

Naona watu wanauliza sana kama hizi digrii za mbali za vyuo vikubwa ni za kweli au magumashi. Mi nimesoma BSc Accounting and Finance ya University of London kuanzia 2017 mpaka 2021 huku nikiwa Morogoro na kazi yangu ya uhasibu, kwaiyo naongea nilichopitia.

Chuo ni halali kabisa, mambo ya kuwafanyisha mitihani watu wa mbali wameanza tangu 1858, hata Mandela aliwahi kujisajili sheria kwao akiwa kifungoni. Ila kuna kitu watu wanachanganya: LSE (London School of Economics, chuo kimojawapo ndani ya University of London) ndio wanaosimamia taaluma ya hii kozi, lakini digrii inatoka University of London. Kwaiyo usije ukaandika kwenye CV umesoma LSE, siku ukibanwa kwenye intavyuu utatoka jasho.

Sasa shughuli yenyewe. Masomo yalikuwa 12, nilikuwa nachukua matatu kwa mwaka, na kipindi changu karibu yote hakukuwa na testi wala asaimenti ya kukubeba, ilikuwa mtihani mmoja wa masaa matatu mwezi wa tano na huo ndio maksi zako zote. Hakuna mwalimu wa kukufokea. Unapewa miongozo ya masomo, mi nilikuwa naiprinti steshenari naibana spairo nasoma saa kumi alfajiri kabla watoto hawajaamka.

Mtihani wa kwanza nilipanda basi mpaka Dar nikalala kwa shangazi Tandika. Aisee, miaka yote ofisini nataipu tu, kufika swali la tatu vidole vimekufa ganzi, mwandiko kama wa daktari, nikawa najiuliza huyo msahihishaji wa Uingereza atanielewaje. Nilipita kwa maksi za kuchungulia.

2020 korona ilivyoingia tukafanyia mtandaoni, nikafurahi kuokoa nauli, kumbe furaha ya mapema, nipo kwenye kupakia majibu umeme ukakata na waifai nayo ikafa, nikachomoa simu ya wife kwenye chaji nikawasha hotspoti, pidiefu ikaingia zimebaki dakika chache. Mpaka leo nikisikia jenereta la jirani linawaka moyo unaruka.

Hela ndio usiseme. Ada ni kwa paundi, shilingi ikishuka unaumia wewe, alafu kituo cha mtihani kina ada yake pembeni ambayo sikuipigia hesabu, mhasibu mzima! Mwaka mmoja kadi ya benki yangu ikakataa malipo mara tatu zikiwa zimebaki siku mbili dirisha lifungwe, nikaishia kumpigia magoti jamaa yangu alipie kwa kadi yake.

Ila bado ni nafuu mno kuliko kwenda kuishi London. Cheti nimeshapeleka TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) kikatambuliwa, na kazini nimepanda daraja. Wife ananiuliza masters lini, nimemwambia ngoja kwanza nimalize mkopo wa saccos wa hii hii digrii.