Siku tano za mafunzo ya kuanzisha biashara: tathmini ya mtu aliyepunguzwa kazini

Nilijiandikisha katika mafunzo haya wiki ya sita baada ya kupunguzwa kazini, na katika wiki tano zilizotangulia kila jirani aliyenikuta nyumbani saa nne asubuhi nilimjibu kwamba nipo likizo. Nalitanguliza jambo hilo kwa sababu mtu aliyeingia darasani akiwa na biashara inayokwenda atayapima mafunzo haya kwa kipimo kingine kabisa, na huenda akayaona ya kawaida. Mimi niliingia nikiwa na umri wa miaka 43, miaka 16 ya utunzaji wa stoo nyuma yangu, fedha kidogo mkononi na haraka kubwa ya kuzitumia.

Mafunzo yenyewe ni ya siku tano, saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri, na kwetu Morogoro nililipa shilingi 120,000 pamoja na chakula cha mchana na vitini. Mtaala umejengwa juu ya mafunzo ya Shirika la Kazi Duniani kwa wanaoanza biashara, ambayo chimbuko lake ni mafunzo ya waajiri wa Sweden ya miaka ya 1970, na ambayo leo hutolewa katika nchi nyingi kwa mpangilio unaofanana: wazo la biashara, soko, bei, gharama, sheria, mtaji, kisha mpango ulioandikwa. Kituo nilichosomea sikitaji kwa sababu nina malalamiko nacho, na wenyewe hawapo hapa kujibu. Anayetaka kujisajili popote pale anaweza kuyapima mafunzo ya mkoani kwake kwa haya nitakayoyaeleza.

Kwanza niseme juu ya fedha. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi anayepunguzwa kiinua mgongo cha mshahara wa siku saba kwa kila mwaka alioumaliza, lakini hesabu hiyo inakomea miaka kumi, kwa hiyo miaka yangu 16 ilihesabiwa kama kumi na nikalipwa siku 70. Ukijumlisha notisi na likizo ambayo sikuichukua, nilitoka na milioni tatu na laki tatu na ushee. NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, nao wana fao la kukosa ajira, ambalo ni asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi sita, na kwangu lilikuwa takribani shilingi 240,000 kwa mwezi. Kwa mtu aliyezoea kupokea 720,000, milioni tatu zikiingia kwa mkupuo mmoja huonekana nyingi mno. Nilikwisha kuzipangia kazi: mashine ya kusaga viungo vya pilau nilivyokuwa nikiwauzia majirani, shilingi 2,800,000, na muuzaji alikuwa akinipigia simu kila baada ya siku mbili.

Siku ya kwanza karibu iniondoe darasani. Kwa saa mbili nzima tulihutubiwa na kijana mmoja, aliyetutaka tusimame, tufumbe macho na kutamka kwa sauti kwamba sisi ni washindi. Mstaafu mmoja wa ualimu aliyeketi kando yangu alisimama kwa adabu lakini hakufumbua kinywa, nami nikamfuata. Sidharau watu wanaopata nguvu kwa njia hiyo. Ila mtu aliyeitwa ofisini Ijumaa na kukabidhiwa barua hajapungukiwa na kelele. Alichopungukiwa ni utaratibu wa Jumatatu. Kwa bahati nzuri kipindi kile hakikurudiwa, na kuanzia mchana tulikabidhiwa kwa mwalimu wetu halisi, mstaafu wa benki, mtu mpole asiyependa maneno mengi.

Yeye alianza na mchezo. Tuligawanywa katika vikundi vya watu watano, tukapewa fedha za karatasi, mkasi, gundi na kalenda ya wiki moja iliyochorwa sakafuni. Jumatatu unanunua karatasi, Jumanne unatengeneza kofia, Jumatano unauza, Alhamisi mwenye nyumba anadai kodi, Ijumaa mtoto anaugua. Kikundi chetu kiliuza kofia zote na bado tulifilisika kufikia Jumapili, kwa kuwa kila aliyedai tulimlipa kutoka katika kopo lile lile. Tulicheka sana. Nilipofika nyumbani nikatazama kopo la maziwa ninamoweka fedha za viungo, ambalo humo humo nilikuwa nikichukua ya sukari, ya vocha na ya mchango wa harusi, na sikucheka tena.

Kazi ya nyumbani ya usiku ule ilikuwa kuandika matumizi yote ya familia ya mwezi uliopita, na masharti yalikuwa kwamba mwenzi wako akae mezani. Baba watoto ni fundi seremala, mtu wa kipato cha leo kipo na kesho hakipo, na tangu nipewe barua tulikuwa hatujazungumza juu ya fedha ila kwa mafumbo. Tulikaa hadi saa sita usiku. Sikutegemea kwamba mafunzo ya biashara yangenifikisha hapo, na nadhani waandaaji wenyewe hawakulipanga zoezi lile kwa shabaha hiyo. Wao walitaka tujue mwenye biashara ajilipe mshahara wa kiasi gani. Hata hivyo, kama nikiulizwa ni saa ngapi hasa nilianza kusimama tena, nitataja saa zile za mezani, tukiwa na daftari la mtoto, kalamu inayogoma na orodha iliyoishia kwenye deni la duka la mangi.

Siku ya tatu ndiyo siku ninayoweza kusema bila kusita kwamba ilirudisha ada yangu mara nyingi. Somo lilikuwa gharama, na kila mmoja alitakiwa kuichambua bidhaa yake mwenyewe. Mimi nilikuwa nikiuza viungo vya pilau kwa majirani na kwa wanakikundi wenzangu wa VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopeshana fedha: hiliki, mdalasini, karafuu na pilipili manga kutoka Kinole na Matombo, milimani Uluguru, na binzari nyembamba ya kununua dukani. Pakiti moja ya gramu 40 niliiuza shilingi 1,000. Nilipoichambua, viungo vilikula 520, kifungashio na lebo 110, kusagisha 30, ikabaki 340. Wakati huo niliuza kama pakiti 60 kwa wiki. Mwalimu alisogea, akaangalia karatasi yangu, akauliza taratibu, "Dada yangu, hiyo mashine unayotaka kuinunua inakuokolea kiasi gani katika hesabu hii?"

Nilijibu kwamba inaniokolea gharama ya kusagisha, yaani shilingi 30. Akaniambia nigawanye bei ya mashine kwa 30. Ilikuja pakiti 93,333. Kisha nikagawanya kwa 60, nikapata wiki 1,555, ambazo ni karibu miaka 30, na hapo umeme na matengenezo bado hatujavigusa. Muuzaji wa mashine alipiga simu siku ile ile saa kumi jioni, sikuipokea.

Sijui kama wasomaji wataelewa ni kwa nini jambo dogo kama lile lilinipa nguvu kuliko hotuba yote ya siku ya kwanza. Nilipoondolewa kazini nilihisi kwamba uamuzi wote juu ya maisha yangu ulifanywa na watu wengine katika chumba nisichoalikwa, na ile mashine nilikuwa nikiitaka zaidi ili watu wa mtaani waone kitu kikishushwa kwenye gari. Sasa nilikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa mkono wangu, yenye sababu ninayoweza kumweleza mtu yeyote. Kusema hapana kwa hesabu ni tofauti sana na kusema hapana kwa woga, ingawa mfukoni matokeo ni yale yale.

Somo la soko lilikuwa zuri pia, japo fupi kuliko lilivyostahili. Tulitumwa kuwauliza watu kumi wasiotujua, ndugu na marafiki wakiwa marufuku. Katika Soko Kuu la Chifu Kingalu wanunuzi wengi waliniambia hununua viungo vizima na kuvitwanga wenyewe, jambo lililonivunja moyo kwa nusu siku. Lakini mama lishe wa jirani na stendi ya Msamvu walitaka pakiti ndogo, iliyokwisha kusagwa, inayotosha sufuria moja, iletwe Alhamisi kwa ajili ya pilau ya Ijumaa. Kabla ya hapo nilikuwa nikifikiria makopo ya gramu 250 yenye lebo ya rangi.

Sasa mapungufu. Kitini cha sheria kilikuwa kikituelekeza TFDA, iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, kwa usajili wa vyakula, ilhali tangu Julai 2019 kazi hiyo ilihamia TBS, shirika la viwango, na taasisi ya zamani ikabaki na dawa na vifaa tiba kwa jina la TMDA. Mwenzetu mmoja wa siagi ya karanga alipoteza siku nzima kwa maelekezo hayo. Hakuna aliyetuambia kwamba mjasiriamali mdogo huanzia SIDO, shirika linalohudumia viwanda vidogo, kuchukua barua ya utambulisho kabla ya kwenda TBS, wala kwamba namba ya mlipakodi hutolewa bure. Haya niliyapata kwa kuuliza mwenyewe. Kituo kinachotoza ada hakina udhuru wa kutoa vitini vilivyopitwa na wakati. Pia tuliahidiwa kutembelewa mara tatu katika miezi sita, na mimi nimetembelewa mara moja, kwa dakika 20, na mtu aliyeonekana kuwa na haraka ya kupiga picha.

Lalamiko zito zaidi linahusu mwanamke mmoja darasani mwetu aliyekuja siku chache tu baada ya kumaliza eda. Lilipofika zoezi la kipato cha familia, akaandika jina la marehemu mumewe katika safu ya kwanza, akaliangalia, akaanza kulia. Mwalimu, pamoja na upole wake wote, hakujua la kufanya isipokuwa kuahirisha kipindi kwa dakika kumi. Tuliomtoa nje na kumpa maji tulikuwa sisi wanafunzi. Mtaala huu unachukulia kwamba mwanafunzi ana kipato kidogo na wazo zuri. Haumfikirii mtu ambaye familia anayotakiwa kuiandika imebadilika miezi minne iliyopita, na watu wa namna hiyo ni wengi kati ya wanaoanzisha biashara. Ningemshauri aliyefiwa asubiri darasa linalofuata, au aje na dada au rafiki; na kituo nacho kiulize mapema, katika fomu ya kujiandikisha, nini kimemleta mtu.

Juu ya mikopo, mwalimu alikuwa mkali na alistahili kuwa mkali. Alitufundisha kubadili maneno ya mkopeshaji kuwa asilimia kwa mwezi, kisha kuilinganisha na kikomo cha asilimia 3.5 ambacho Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wadogo wasiopokea amana, na tukaona jinsi mikopo ya mitaani ya riba kubwa, ile iitwayo kausha damu, inavyokivuka mara kadhaa. Tulio katika VICOBA alitushauri tukope huko kwanza, ambako riba inarudi kwetu wenyewe siku ya kugawana. Mimi sijakopa popote. Ila mfuko wa jamii wa kikundi chetu ndio ulionifaa mtoto alipolazwa mwezi wa tatu wa biashara, na kopo la viungo halikuguswa.

Kwa ada ile ile ningerudi, kwa sharti kwamba vitini virekebishwe na ziara zote tatu zifanyike. Na aliyekwisha kufanya biashara zaidi ya mwaka mmoja atafute mafunzo ya kukuza biashara badala ya haya. Kipato changu hakijafika nusu ya mshahara wangu wa zamani. Nauza pakiti 210 kwa wiki, na mwezi uliopita niliirudia ile hesabu ya mashine: imeshuka kutoka miaka 30 hadi miaka minane na nusu. Kwa hiyo bado napeleka viungo vyangu Mji Mpya, kwa mwenye mashine anayenisagia saa kumi na mbili jioni, baada ya mahindi ya watu kwisha, ili ugali wa majirani usije ukanukia karafuu.