Jiwe la chokaa au chokaa ya kuzimwa?

Ukimfundisha mwanafunzi kuandika mlinganyo wa chokaa na asidi, uanze na ipi kati ya hizo mbili? Huku Tanga jiwe la chokaa si geni. Mapango ya Amboni yenyewe yametobolewa na maji ndani yake. Lidondoshee asidi hidrokloriki uone: linatoa povu, linachemka kwa sauti ya chini. Povu hilo ni gesi ya kabonidioksidi, nayo lazima iingie kwenye mlinganyo:

CaCO₃ + 2HCl → CaCl₂ + H₂O + CO₂

Chokaa ya kuzimwa, yaani jiwe la chokaa lililochomwa kisha likatiwa maji, haitoi povu:

Ca(OH)₂ + 2HCl → CaCl₂ + 2H₂O

Wengi husahau ile 2 ya maji. Hesabu hidrojeni: mbili za chokaa, mbili za asidi, jumla nne. Gramu 74 za chokaa ya kuzimwa humaliza asidi sawa na gramu 100 za jiwe, ila chokaa hiyo huunguza ngozi na macho. Mimi humwanzishia mwanafunzi na jiwe, maana ile CO₂ anaiona kabla hajaiandika.