Mashine ya kuoshea makochi: hita hii itakuchujia rangi ya kochi la zamani

Mwagonile wadau! Karibuni tena. Leo nipo Uyole, hapa Mbeya, na mniwie radhi kwa kelele za feni huko nyuma, siwezi kuizima, mtaona kwa nini.

Mashine mliyoniomba sana ndiyo hii. Tangi la maji safi, tangi la maji machafu, mpira, mdomo wa kunyonyea, hayo mnayajua. Nimefanya nayo kazi wiki tatu, makochi 11. Kunyonya inanyonya haswa, ukipitisha mara mbili kitambaa unakigusa na mkono hauloi. Ila kuna kitu kimenikera mpaka nimeamua kurekodi leo leo. Sogeza kamera hapa. Hii taa nyekundu ni ya hita. Ukiwasha mashine, hita nayo imewaka, na hamna swichi ya kuizima! Maji yatatoka ya moto, upende usipende.

Utaniambia maji ya moto si ndiyo yanatoa uchafu. Sawa, yanatoa uchafu, na rangi yanaitoa pia. Angalieni video zote za matangazo ya hizi mashine: kochi ni jipya, la kijivu, kitambaa cha poliesta. Poliesta kiwandani hutiwa rangi kwenye joto la nyuzi 130 hivi, maji ya hita hii hayaisumbui. Lakini makochi ninayoitiwa mimi Mbeya hii ni ya pamba, ni ya sufu, ni velveti iliyokaa dirishani miaka 30. Jua limeshaichosha. Pamba nyingi za zamani zilitiwa rangi isiyoshika sana kwenye maji, na sufu ukiitia sabuni kali ya unga, yenye pH ya 10 hivi, rangi inaachia.

Wiki iliyopita nimeitwa kwa mama mmoja. Viti sita vya mninga, velveti ya damu ya mzee, vya miaka ya 1990. Nimeamkia, nikaondoa vile vitambaa vya kufuma vya juu ya kochi, nikaanza ubavuni. Sikupima. Nilikuwa na haraka ya kumaliza kabla umeme haujakatika, na mashine ilikuwa ngeni mkononi mwangu. Nikitazama tangi la maji machafu, limekuwa kama juisi ya rosela. Ile siyo taka, ile ni rangi ya kiti. Nikazima. Pale nilipopita pamebaki mchirizi wa waridi, upana wa kiganja. Mama akaniambia, “Mwanangu, hivi viti alininunulia marehemu baba yenu.” Sikuchukua hela yake, na hadi leo naumia.

Ndiyo maana leo nimerudi kwake, na hiki kipimo nataka mkione taratibu. Nimegeuza kiti, hapa nyuma chini, hapaonekani. Nina vitambaa viwili vyeupe vya pamba. Cha kwanza nimekilowesha maji ya baridi na sabuni laini. Cha pili nimekilowesha maji yaliyotoka kwenye mashine, na sabuni iliyokuja nayo. Nabandika vyote, naweka uzito. Usisugue! Ukisugua unaharibu nywele za velveti na kipimo kinakudanganya. Dakika tano.

Tukisubiri, tangazo: wiki ijayo chaneli inahamia Iringa, tutaosha mazulia, kwa hiyo bonyezeni kengele. Na bei, maana mmeuliza: hii nimeipata Mwanjelwa kwa shilingi 480,000. Ile ndogo ya bei nafuu niliyowaonyesha mwezi uliopita haina hita kabisa. Niliisema vibaya kwa sababu hiyo. Leo nafuta kauli, kwa makochi ya zamani ile ni salama zaidi.

Haya, dakika tano. Cha maji ya moto... mnaona? Chekundu kabisa, hata nyuzi za kiti zinahesabika juu yake. Cha maji ya baridi, njoo karibu, kina uwaridi. Kidogo, lakini upo. Na ukiona uwaridi hata kidogo, kochi hilo usilitie maji, ya moto wala ya baridi. Chumvi mnayoambiana huko kwenye makundi haizuii, rangi ikishaamua kutoka chumvi haiirudishi.

Hujui kitambaa ni cha nini? Chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa chini, uchome. Poliesta inayeyuka na kuacha kidonge kigumu. Pamba inaungua kama karatasi. Sufu inanuka nywele.

Feni sasa. Kule sebuleni kuna kochi la kijani la poliesta, limepita kipimo, nimeliosha asubuhi. Mwezi wa saba Mbeya mnaijua baridi yake, kochi likilowa sana linakaa siku mbili, na maji yanapopanda polepole kutoka kwenye sponji yanabeba rangi na taka hadi juu, unapata alama za kahawia. Feni lazima, na maji machache.

Jambo jingine, mteja mwonyeshe kabla hujaanza. Ona hapa palipokuwa na kitambaa cha kufuma, damu ya mzee iliyokolea. Pembeni yake pamepauka. Hapo ni jua, vumbi lilikuwa limeficha. Piga picha mbele yake, la sivyo utaambiwa umepausha wewe.

Nilikuja nikitaka kuwaambia msiinunue. Sasa nasema nabaki nayo, kwa kunyonya tu: tangi nalijaza maji ili hita isiungue, kitufe cha kunyunyizia sikigusi, maji ya baridi napuliza kwa bomba la mkono. Kwa 480,000 swichi moja ya kuzimia hita ilitakiwa iwepo.

Viti vitano vya mama nimevinyonya vumbi tu, na brashi laini kufuata nywele zinakolala. Yeye mwenyewe amevipapasa kimoja kimoja, ndiyo huyo anarudishia vitambaa vyake.