Programu Ipi ya Kamera Inaifaa Simu Yako: Chaguo Tano, Kuanzia Ile Uliyokwisha Kuilipia

Mtu anapolalamika kwamba simu yake haitoi picha nzuri, ushauri anaopewa dukani huwa mmoja: aongeze fedha achukue toleo jipya lenye megapikseli nyingi zaidi. Mwongozo huu unashauri kinyume. Picha ya simu hutokana na vitu vitatu vinavyofanya kazi pamoja, yaani lenzi, kihisi kinachopokea mwanga, na programu inayokisoma kihisi hicho na kuamua rangi, mwangaza na ukali wa picha. Viwili vya kwanza huwezi kuvibadilisha bila kununua simu nyingine, lakini cha tatu unaweza kukibadilisha leo jioni, mara nyingi bila kutoa hata shilingi moja.

Ili nipate kulinganisha kwa haki, nilitumia kitu kimoja tu: khanga yenye pindo jekundu na mji wa nyeusi na nyeupe, iliyotundikwa katika duka la dada yangu anayeuza nguo Kariakoo. Niliipiga kwa simu moja ya bei ya kati yenye kihisi cha megapikseli 50, mchana ikiwa karibu na mlango na usiku chini ya taa ya tyubu. Khanga ni kipimo kizuri kuliko mandhari ya bahari, kwa sababu herufi za jina lake huonyesha kama picha ina ukali wa kweli, pindo huonyesha kama rangi imezidishwa, na nyuzi za pamba huonyesha ni kiasi gani programu imelainisha isichopaswa kulainisha.

Nafasi ya kwanza: programu iliyokuja na simu, ikisharekebishwa

Mtengenezaji wa simu huweka katika programu yake maarifa ambayo programu ya nje aghalabu haiyafikii: kasoro za lenzi ile ile, namna ya kuunganisha picha kadhaa za mfululizo ziwe moja, na hali ya usiku iliyopimwa kwa kihisi kile kile. Ndiyo maana naiweka juu, ingawa kwa mipangilio ya kiwandani huharibu mengi ambayo ingeweza kuyafanya vizuri. Usiku, khanga yetu ilitoka na mistari ya giza iliyoukata mji kwa mlalo, na herufi za jina zilivimba kama zilizoandikwa kwa brashi iliyolowa rangi kupita kiasi. Baada ya kurekebisha mipangilio, mistari ilitoweka na jina likasomeka: Wema hauozi.

Kabla ya mpangilio wowote, futa lenzi kwa kitambaa safi cha pamba, kwa maana simu inayoshinda mfukoni na mkononi hupata mafuta ya vidole, na mafuta hayo ndiyo yanayozitia taa ukungu. Kisha zima kichujio cha urembo. Simu nyingi zinazouzwa kwetu huja nacho kikiwa kimewashwa kwenye kamera ya mbele, na nyingine hata kwenye ya nyuma. Kazi yake ni kulainisha ngozi na mara nyingi kuing'arisha, hata mtu mweusi anatoka na weupe wa majivu ambao si wake. Jambo hili linaniuma kuliko mengine yote nitakayoyataja, kwa sababu nimeona picha za harusi ambazo bibi harusi hafanani na mama yake aliyesimama kando, ilhali nyumbani watu husema wamezaliwa pacha. Google walipotoa simu za Pixel 6 mwaka 2021 waliingiza mfumo waliouita Real Tone ili rangi za ngozi za watu wote zitoke kwa usahihi zaidi, lakini mwenye simu ya aina yoyote anaweza kuanza kwa kuishusha mizani ya urembo hadi 0.

Mpangilio unaofuata ni wa mwangaza, na hapa mavazi yetu huisumbua kamera kwa namna ya pekee. Kamera hukadiria mwanga kana kwamba dunia yote ni ya kijivu cha wastani. Ukimpiga bwana harusi aliyevaa kanzu nyeupe, kamera huona weupe mwingi, ikapunguza mwanga, na uso wake ukazama gizani. Ukimpiga mama aliyevaa buibui jeusi, huongeza mwanga, buibui likawa kijivu na uso ukapauka. Dawa ni kugusa uso wa mtu kwenye kioo na kushikilia kidole mpaka kipimo kifungwe, kisha kutelezesha alama ya jua juu au chini kidogo. Huhitaji kujua ISO (wepesi wa kihisi kwa mwanga) wala kasi ya shata (muda ambao kihisi hupokea mwanga) kufanya hivyo.

Mistari ya giza ina chanzo kingine. Umeme wetu, Tanzania na Kenya sawasawa, ni wa hezi 50, na taa nyingi za tyubu na za LED za bei nafuu hupwesa, yaani huwaka na kufifia, mara 100 kwa sekunde bila macho kutambua. Shata ikifunguka kwa muda mfupi kuliko pweso moja, sehemu moja ya kihisi hupata mwanga na nyingine hukosa. Tafuta mpangilio wa kuzuia mpweso na uchague hezi 50. Au, kama simu yako ina hali ya Pro, ile ya kupanga kila kitu mwenyewe, weka kasi ya shata 1/100 au 1/50 ya sekunde na utulize mkono.

Kuhusu megapikseli, acha kamera katika hali yake ya kawaida. Kihisi cha megapikseli 50 huunganisha pikseli nne kuwa moja na kutoa picha ya megapikseli 12.5 yenye chembechembe chache, yaani vidoa vidogo vinavyojitokeza penye mwanga hafifu. Ukilazimisha zote 50 usiku, unapata faili kubwa lenye picha dhaifu. Hali ya megapikseli zote hufaa mchana, juani, pale unapotaka kuchapisha picha kubwa. Na usivute picha kwa vidole viwili kama simu haina lenzi ya mbali: sogea kwa miguu.

Nafasi ya pili: Google Camera iliyorekebishwa kwa simu nyingine

Wengi huiita GCam. Google walianza kutumia mfumo wa HDR+ kwenye Nexus 5 mwaka 2013, ambao hupiga picha nyingi za haraka zenye mwanga mdogo na kuzipanga moja juu ya nyingine, hivyo maeneo meupe hayaungui na chembechembe hupungua. Hali ya usiku ya Night Sight ikafuata mwaka 2018. Kampuni yenyewe haitoi programu hii kwa simu za wengine. Matoleo yanayozunguka yametengenezwa na wapenzi wa kujitolea, na matokeo yake hutegemea simu: kwa simu yenye programu duni ya kiwandani, tofauti huonekana mara moja, hasa usiku.

Kasoro zake ndizo zinazoinyima nafasi ya kwanza. Inahitaji simu iruhusu mfumo wa Camera2, unaoziwezesha programu za nje kuiendesha kamera, uliokuja na Android 5.0 mwaka 2014, na simu nyingi za bei ya chini hazijaufungua kikamilifu. Ipo programu ndogo ya bure, Camera2 API Probe, inayokuonyesha simu yako iko ngazi gani kabla hujapoteza bando. Pia haipatikani Play Store kwa simu hizi, hivyo unasakinisha faili kutoka nje, na faili la namna hiyo linaweza kubeba programu hasidi. Mwenye simu iliyounganishwa na pesa za biashara yake afikirie mara mbili. Mimi sikuisakinisha kwenye simu ya dada yangu, ambayo hupokea malipo ya wateja kutwa nzima.

Nafasi ya tatu: Open Camera pamoja na Snapseed

Open Camera ni ya bure, haina matangazo, na msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuukagua. Sura yake haivutii, lakini inatoa uhuru ambao programu nyingi za kiwandani zinauficha: ukichagua Camera2 katika mipangilio, na kama simu inakubali, unaweza kuamua mwenyewe kiasi cha kupunguza chembechembe na kuongeza ukali, kuzuia mpweso wa taa, na kuhifadhi picha ghafi za DNG, yaani data ya kihisi kabla programu haijaichakata. Nyuzi za khanga zilionekana vizuri zaidi katika picha ghafi kuliko katika nyingine yoyote niliyopiga mchana. Usiku mambo yalikuwa kinyume, kwa kuwa picha ghafi ni moja tu, haijaunganishwa na wenzake.

Picha ghafi haiko tayari kutumwa. Hufunguliwa kwanza katika Snapseed, programu ya kuhariri picha ambayo nayo ni ya bure, ukarekebisha rangi na mwangaza, ndipo uihifadhi kama JPEG. Aidha, faili moja la picha ghafi ya megapikseli 12 huweza kufika MB 20 au zaidi, na simu yenye nafasi ya GB 64 itajaa upesi. Chaguo hili ni la mwenye subira.

Nafasi ya nne: programu za kulipia, na zile za simu ghali

Mwenye iPhone anaweza kuitazama Halide, iliyotoka mwaka 2017, ambayo tangu 2024 ina hali ya Process Zero inayotoa picha bila uchakataji wa akili bandia. Kabla ya kulipa, ajaribu Project Indigo ya Adobe ya mwaka 2025, ambayo ni bure na hufanya kazi kwenye iPhone 12 Pro na nyingi zilizofuata. Mwenye Samsung Galaxy S za daraja la juu ana Expert RAW, programu ya kupiga picha ghafi, bila malipo. Kwa simu ya Android ya bei ya kati, sioni sababu ya kulipia programu ya kamera.

Nafasi ya tano: kamera za urembo na za ndani ya mitandao

Hizi sizipendekezi kwa picha ya kutunzwa. Nyingi hazitumii uchakataji kamili wa simu, na zile za bure aghalabu hujaa matangazo na huomba ruhusa ambazo kamera haizihitaji, kama orodha ya majina ya simu. Piga kwanza kwa kamera ya simu, kisha upakie.

Hata picha iliyopigwa vizuri huweza kupungua inapotumwa. WhatsApp hupunguza ukubwa wa picha kwa kawaida. Tangu 2023 ina chaguo la HD, na ukiituma kama hati, faili hufika lilivyo. Dada yangu sasa hutuma khanga zake zote kama hati, na wateja wake wa Tanga huchagua kwa jina kabla hajawatajia bei.